Msikisugue Kisu cha Sheffield

Rai yangu kuhusu visu vya kale vya Kiingereza vya kukunja haiwafurahishi baadhi ya wakusanyaji wenzangu, lakini nitaieleza bila kuzungukazunguka: kisu kilichosuguliwa kwa mashine mpaka kikang'aa kama kijiko kipya ni kisu kilichoharibiwa, na anayekipandishia bei kwa sababu ya mng'ao huo anamuuzia mwenzake hasara. Muuzaji atakwambia kwamba amekirudishia hali yake ya awali, ilhali hali hiyo ndiyo aliyoiondoa.

Visu vingi vya aina hii vinavyotafutwa leo vilitoka katika mji mmoja, Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ambako maji ya mito kama Don, Porter na Rivelin yaliendesha magurudumu ya mawe ya kunolea kabla ya mvuke kushika kazi hiyo. Chama cha mafundi visu wa eneo hilo, Company of Cutlers in Hallamshire, kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusajili nembo za mafundi ili mtu asigonge ya mwenzake. Katika miaka ya 1740, Benjamin Huntsman, aliyekuwa fundi wa saa, alianza kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo, na kwa njia hiyo akapata chuma chenye ubora ulio sawa kila mahali, ambacho baadaye kiliwapa mafundi wa mji huo sifa iliyovuka bahari.

Kisu kimoja kidogo kilipita katika mikono ya watu kadhaa. Mhunzi alifua bapa na kuligonga nembo kwenye shina lake, kisha likatiwa ugumu kwa moto na maji. Mnoaji alilichukua na kuliinamia mbele ya jiwe kubwa la mchanga lililozunguka kwa kasi, akilipunguza unene kidogo kidogo kwa macho na vidole tu. Vumbi la mawe na la chuma liliwaharibu mapafu wanoaji wengi, hasa wale walionoa bila maji, na wengi wao hawakuuona uzee. Mtu wa mwisho ndiye aliyekiunganisha kisu: alikata vipande vya mpini vya mfupa, pembe ya kulungu, ganda la chaza au mpingo, akavitoboa, akapitisha misumari myembamba, akapiga tupa springi ya mgongoni mpaka ikalingana na mpini kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Kazi hiyo ya tupa ndiyo ninayoitafuta ninapokishika kisu cha kale, na ndiyo ya kwanza kutoweka mashine ya kusugulia inapopita.

Chukua kisu chenye mabapa mawili ambacho hakijaguswa, ukiangalie kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa dirishani. Utaona mikwaruzo myembamba ya jiwe ikikatiza bapa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, na mfuo wa ukucha, yaani ule mfereji mdogo wa kuingizia ukucha unapolifungua bapa, ukiwa na kingo zilizo wazi. Vichwa vya misumari vimesawazishwa na mpini, lakini ukivipitishia kidole bado unavihisi. Kifungue polepole, kisha ukiache kijifunge: springi nzuri huvuta bapa kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho na kutoa mlio mkavu. Sasa chukua kilichosuguliwa. Kingo zote zimelegea na kuwa mviringo, mfupa wa mpini umekuwa mwembamba pale unapokutana na chuma, mfuo wa ukucha umekuwa kibonde tu, na nembo inasomeka nusu.

Hasara ya nembo ndiyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa nembo ndiyo inayotusaidia kujua umri wa kisu. Herufi V na R zenye taji katikati zinatupeleka kwenye enzi ya Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. Nyota na msalaba wa Malta ni alama ya Joseph Rodgers & Sons, walioteuliwa mwaka 1822 kuwa watengenezaji visu wa mfalme, na I*XL ni ya George Wostenholm, aliyejenga jina lake kwa kuuza sana Marekani. Neno England likiwapo shinani, kwa kawaida kisu ni cha baada ya 1890, mwaka ambao sheria ya ushuru ya Marekani, iliyoitwa McKinley, ilidai bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka. Sheria hiyohiyo ilipandisha ushuru wa visu kiasi cha kuwaumiza vibaya watengenezaji wa Sheffield. Herufi hizo ni ndogo mno, hazina kina, na dakika moja ya gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia inatosha kuzifuta.

Wanaonipinga husema kwamba kutu ni adui na kwamba nikikiacha kisu kilivyo kitaliwa. Hapo wana hoja, ila wanachanganya vitu viwili. Kutu nyekundu inayochimba lazima iondolewe, na mafuta mepesi, kijiti cha mbao na subira vinaiweza. Weusi wa kijivujivu uliotulia juu ya chuma cha zamani ni jambo jingine, kwani hauchimbi, na hujengeka kwa miaka mingi ya kumenya matunda na kukata tumbaku. Bapa likikwama, tone la mafuta kwenye kiungo na usiku mmoja wa kungoja ni bora kuliko koleo.

Sisi tunaoishi pwani tuna shida ya ziada, maana hewa ya chumvi haimwonei mtu huruma. Hata hivyo nimeona visu vikiharibiwa zaidi na namna ya kuvihifadhi kuliko na hewa yenyewe. Ala ya ngozi, ambayo watu huiona kuwa ndiyo heshima ya kisu, hufyonza unyevu, na dawa zilizotumika kulainishia ngozi hula chuma. Mipini ya seluloidi, iliyoanza kutumika mwishoni mwa karne ya 19, ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaotia kutu hata visu vya jirani. Hiyo itengewe sanduku lake.

Kuhusu pembe za ndovu sina mjadala mrefu. Kampuni ya Rodgers ilikuwa na shehena kubwa ya pembe ghalani, katika karne ambayo Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe zilizobebwa mabegani mwa watu kutoka bara, na sioni fahari ya kukirudisha huku kipande cha biashara ile kikiwa kimegeuzwa mpini. Isitoshe, Uingereza imezuia biashara ya pembe tangu Juni 2022, isipokuwa kwa vitu vichache vinavyoruhusiwa, na kuzivusha mipakani kunabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Wapo pia wanaovutiwa na maajabu, kama kisu cha Norfolk kilichotengenezwa na Rodgers kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, chenye mabapa na vifaa 75. Nakiheshimu kama tangazo la biashara. Kama kipimo cha ufundi, naona afadhali kazi ya mtu kama Stan Shaw, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 94, ambaye alitengeneza visu vya kukunja Sheffield peke yake, tangu kukata chuma hadi kumalizia mpini.

Kwa anayeanza bila pesa nyingi, ningemwelekeza kwenye visu vidogo vya matunda vyenye bapa la fedha na mpini wa ganda la chaza, kwa sababu fedha ilipigwa mihuri ya lazima: simba wa kuthibitisha ubora, taji la ofisi ya Sheffield ya kupima ubora wa fedha, iliyofunguliwa mwaka 1773, na herufi inayoonyesha mwaka. Kikiwa na kichwa cha mfalme au malkia pia, ushuru wake ulilipwa kati ya 1784 na 1890. Fedha ni laini kuliko feleji na husuguliwa na kila mwenye kitambaa, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya mihuri kwa karibu kabla ya kuuliza bei, na herufi ya mwaka ikiwa imefifia kiasi cha kubahatisha, tafuta kingine.