Wikipedia ya Kiswahili: roboti ya kutengua, au kichujio mlangoni?

Makala ya mwanasiasa ikishajazwa matusi, au ya mji fulani ikigeuzwa tangazo la mganga mwenye namba ya simu, wazo la kwanza ni kuomba roboti. Wikipedia ya Kiingereza inayo ClueBot NG, programu inayotambua uharibifu na kuutengua yenyewe (kurudisha makala ilivyokuwa), tangu 2010. Mwaka 2024 Shirika la Wikimedia lilileta Automoderator, zana ya kazi hiyohiyo, ikaanza kazi kwenye Wikipedia ya Kituruki. Je, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, inahitaji roboti ya namna hiyo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mwaka 2011 ClueBot NG ilizimika kwa vipindi kadhaa, na watafiti Stuart Geiger na Aaron Halfaker walipovipima waliona kwamba muda wa uharibifu kukaa kabla ya kutenguliwa ulikaribia kuwa maradufu. Watu waliuondoa hatimaye, lakini kwa kuchelewa. Kwenye Wikipedia ndogo kuchelewa huko ndiko maumivu yenyewe. Wakabidhi, yaani wasimamizi wake, ni wachache na wanajitolea. Tusi lililoandikwa saa nane usiku linaweza kungoja hadi mtu afungue ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, na muda wote huo msomaji analiona kama sehemu ya kamusi elezo.

Namba, hata hivyo, hazisemi hivyo kwa sauti moja. ClueBot NG imewekwa kiwango ambapo haririo jema lisilozidi 1 kati ya 1,000 ndilo linalotenguliwa kimakosa, na kwa kiwango hicho hunasa takriban asilimia 40 tu ya uharibifu. Chukua Wikipedia ya kufikirika yenye maharirio mabaya 5 kwa siku: roboti itanasa 2. Yale 3 bado yanamtaka mtu apitie orodha nzima, kwa hiyo roboti haijaokoa karibu chochote. Tena uwezo huo ulitokana na maelfu ya maharirio ya Kiingereza yaliyopangwa na watu, mema huku, mabaya kule. Kwa Kiswahili, kazi hiyo ingewaangukia wahariri walewale wachache.

Automoderator inakwepa sehemu ya kikwazo hicho. Modeli yake isiyotegemea lugha haisomi maneno. Inaangalia umbo: marejeo, viungo, picha na vichwa vilivyoongezwa au kuondolewa. Kisha inatoa alama kati ya 0 na 1, na jumuiya inachagua ukali. Hapa ndipo tunapoiona hatari yake kwetu. Makala iliyotafsiriwa na mashine, ambamo ukingo wa mto umekuwa «benki ya mto», huja na viungo vyake, marejeo yake na vichwa vilivyonyooka. Kwa umbo ni safi kabisa. Kwa upande mwingine, mwalimu mgeni anayefuta aya mbovu bila kujaza muhtasari wa hariri anafanana na mharibifu. Na mgeni huyo ni adimu kuliko mharibifu: utafiti mwingine wa Halfaker na wenzake, wa 2013, ulihusisha utenguaji unaofanywa kwa zana za kompyuta na wageni wa Wikipedia ya Kiingereza kuacha kurudi.

Kati ya roboti na macho matupu kuna chombo cha tatu ambacho tayari kimo ndani ya MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia: kichujio cha maharirio. Hakisubiri ukurasa uharibike. Kinapima hariri kabla haijahifadhiwa. Ubora wake unategemea aliyeandika kanuni, na kanuni za kuazima kutoka Kiingereza hutuumiza. Orodha ya matusi ya Kiingereza yenye herufi s-h-i-t itakamata «mashitaka» na «mshitakiwa» katika kila makala ya sheria. Tusi letu zito la herufi nne limo ndani ya «kumaliza», «kumaanisha» na mji wa Kumamoto. «Fala» imo ndani ya «falaki». Dawa ya kawaida ni kuweka alama ya mpaka wa neno kila upande, lakini Kiswahili hubandika viambishi mbele, hivyo «mafala» na «ufala» vitapita. Inabidi viambishi viandikwe ndani ya kanuni: \b(ma|u|ki)?fala\b. Na «Malaya» haiponi kwa njia yoyote, kwa sababu tusi na rasi ya Malaya ni neno lilelile. Hilo lipewe lebo tu, mtu aamue.

Namba za simu za matangazo zina mtego wake pia. Kanuni inayotafuta 0, kisha 1, 6 au 7, kisha tarakimu 8, itanasa simu nyingi za mkononi za Kenya na Tanzania. Itanasa vilevile ISBN za tarakimu 10 za vitabu vya Oxford vya kabla ya 2007, kwa kuwa huanza na 019 na mara nyingi huandikwa bila vistari. Ongeza sharti kwamba mstari usiwe na neno ISBN, na kwamba mhariri ana maharirio chini ya 10.

Kanuni yoyote mpya ianze kwa kurekodi tu, siku 14, na kila iliyonaswa isomwe. Kisha lebo. Kisha onyo, ambalo mtu akiliona anaweza kubonyeza kuhifadhi tena. Lazima liwe kwa Kiswahili chepesi. Kuzuia kabisa kubaki kwa kanuni ambayo katika kunasa 50 haikumgusa mtu mwema hata mmoja. Kanuni za kuzuia maharirio mengi ya haraka kutoka anwani moja ya mtandao (IP) ziwe na tahadhari ya ziada: warsha ya wanafunzi 20 kwenye Wi-Fi moja hufanana sana na shambulio.

Kabla ya kupiga kura ya roboti, chukueni maharirio 500 ya wageni kutoka siku 30 zilizopita. Watu wawili wayapange kila mmoja peke yake, waandike aina ya ubaya na saa ngapi zilipita kabla ya kutenguliwa. Kama mengi ni matusi, simu na kufuta kurasa, vichujio vinatosha. Kama mengi ni tafsiri za mashine, roboti haitasaidia; zinahitaji wasomaji. Yakibaki maharirio mabaya ambayo kichujio hakiwezi kuyaeleza na yanakaa usiku kucha, hapo Automoderator iombwe, kwa kiwango cha tahadhari ya juu kabisa, na bila bendera ya roboti, kwa maana bendera hiyo huficha maharirio yake kwenye Mabadiliko ya karibuni, na makosa yake nayo yangefichika. Ukurasa wa malalamiko uwe na watu wawili waliokubali kwa majina yao kuujibu ndani ya siku moja. Wasipopatikana hao wawili, isiwashwe.