Jino liking'olewa vibaya: Baraza la Madaktari au mahakama?

Chukua mgonjwa aliyeng'olewa gego la mwisho la chini. Ganzi ya shavuni iliisha jioni ile ile, ila upande mmoja wa mdomo na kidevu haujarudi. Wiki ya tatu sasa akinywa chai inamchuruzika kidevuni hana habari. Kliniki wanamwambia itaisha yenyewe. Nyumbani wanamwambia ashitaki, atalipwa mamilioni.

Kliniki wanaweza kuwa wakweli. Mshipa wa fahamu wa taya la chini hupita jirani kabisa na mizizi ya gego lile, na hata daktari mwangalifu huweza kuugusa. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Wanaobaki na ganzi ya kudumu hawafiki 1 kati ya 100. Kwa hiyo kuumia peke yake si ushahidi wa uzembe. Sheria inauliza kama daktari alifanya ambacho mwenzake mwenye umakini wa kawaida angefanya. Je, alipiga picha ya eksirei kabla ya kushika koleo? Alimweleza mgonjwa hatari hiyo kabla ya kusaini ridhaa, au fomu ilisainiwa dirishani pamoja na malipo? Na mgonjwa aliporudi kulalamika, alimpima na kumpa rufaa? Kwa maoni yangu, swali hili la mwisho ndilo linalowaangusha madaktari wengi zaidi kuliko koleo lenyewe.

Yapo makosa yasiyohitaji mjadala mrefu. Kung'oa jino zima ukaacha bovu, au kuvunjikiwa na kifaa ndani ya mzizi ukaziba bila kumwambia mwenye jino, ni ndugu wa lile tukio la Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) mwaka 2007, ambapo mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu. Hapo mwenye kujieleza ni daktari.

Tanzania Bara, mlango wa kwanza ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamia pia madaktari wa meno chini ya sheria ya mwaka 2017. Unaandika malalamiko na kueleza kilichotokea, na huhitaji wakili. Baraza linaweza kumwita daktari, kumwonya, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye rejista. Faida yake kubwa ni kwamba wanaosikiliza wanaijua kazi. Udhaifu wake ni huo huo: mgonjwa anaona wanataaluma wakimhukumu mwenzao, na wasiwasi wake si wa kipuuzi. Tena kazi ya Baraza ni nidhamu. Daktari anaweza kusimamishwa na wewe ukabaki na bili ya kutibiwa upya.

Fidia hutafutwa mahakamani kwa kesi ya madai, na huko mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Utahitaji daktari mwingine wa meno asimame kizimbani aseme mwenzake alikosea. Katika fani ambayo wengi wamesomea darasa moja pale Muhimbili, kumpata si rahisi. Gharama ulizotumia nazo zinathibitishwa moja moja: risiti ya EFD, nauli, dawa. Usumbufu na maumivu hakimu atayapima mwenyewe, na mara nyingi si kwa kiasi ambacho watu wa mtaani wanakiwaza.

Muda nao haukungoji. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Ukidai kwa msingi wa mkataba, kwamba ulilipia huduma usiyoipata, ni miaka 6. Kama ulitibiwa hospitali ya serikali, unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Sumbawanga mwenye jino moja lililoharibika, njia hiyo ni ndefu mno kuliko dai lenyewe.

Upande wa madaktari nao una hoja nzito. Vituo vingi vya wilayani huduma yao kubwa ya kinywa ni kung'oa, kwa vifaa vichache na foleni ndefu. Ukiwatia hofu ya kesi, kila gego gumu litaandikiwa rufaa ya mkoani au Dar es Salaam, na wengine wataishia kwa fundi wa meno wa mtaani ambaye hana hata rejista ya kufutwa. Nakubaliana nao kuhusu kukimbilia polisi: kumweka daktari mahabusu kwa ganzi isiyoisha hakumsaidii yeyote. Ila hoja hiyo hainishawishi inapotumika kumnyima mgonjwa maelezo.

Kwa sababu mambo yote haya, Barazani au mahakamani, yanaamuliwa na faili, na faili analo anayelalamikiwa. Ndiyo maana wiki za kwanza zina uzito kuliko miaka yote 3. Omba kwa barua nakala ya faili na picha za eksirei, ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nenda kwa daktari mwingine, aandike anachokiona leo, si anachodhani kilitokea. Jeraha la kupona, ningemalizana na kliniki na kulalamika Barazani. Ganzi ya kudumu au taya lililovunjika, ningemwona wakili huku malalamiko yakiendelea, maana kusubiri Baraza si sababu ya kuacha miaka 3 ipite.

Na kliniki ikikuita kuyamaliza, soma karatasi kabla ya kupokea fedha. Nyingi huwa na sentensi kwamba hutakuwa na madai mengine yoyote. Kurudishiwa bei ya kung'oa jino si fidia ya mdomo usio na hisia. Kama ganzi bado ipo, dai iandikwe kwamba fedha hizo ni za matibabu ya sasa tu. Wakikataa, usisaini kwanza.