Jiko la kuni ndani ya hema: uzito ambao hauandikwi kwenye boksi

Dar es Salaam yenyewe haina usiku wa kumfanya mtu awaze kupasha joto hema. Hata Julai, baridi yetu inamalizwa na shuka la pili. Ila wapiga kambi wa mjini hawaishii Kigamboni na Bagamoyo. Wanapanda Lushoto, Njombe, Makete, na wakirudi stori ni ile ile: usiku tuliganda. Uwanda wa Kitulo, kule Makete, uko kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti umande wake unaweza kuganda juu ya nyasi.

Hapo ndipo linapoingizwa jiko la kuni la titani, metali nyepesi, lile linalokunjwa likawa bapa na bomba lake la moshi likaviringishwa kama mkeka. Mengi yana kilo moja na nusu hadi mbili na nusu. Wanaolitaka wanasema limemaliza tatizo, wanaolikataa wanasema ni kutafuta kifo kwa gharama kubwa. Pande zote mbili zina hoja, ingawa naona zote zinaruka jambo moja.

Nianze na wanaolitaka, maana hawajakosea kuhusu nguvu ya kuni. Kilo moja ya kuni kavu inabeba nishati ya karibu kilowati-saa nne, na ndani ya hema la watu wawili au watatu nguvu hiyo inatosha watu kuvua makoti baada ya dakika chache. Soksi zinakauka, chai inachemka juu ya jiko hilo hilo, na watu wanakaa kupiga soga badala ya kujifukia kwenye mifuko ya kulalia saa mbili usiku. Mtungi mdogo wa gesi hauwezi kushindana hapo. Ukiwa umejazwa butani tupu unazira kabisa, kwa sababu butani hukoma kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri.

Jambo wanaloliruka ni kuni. Jiko dogo likichochewa vizuri linakula takriban kilo moja kwa saa. Usiku wenye urefu wa saa nane ni kilo nane, na safari ya usiku tatu ni zaidi ya kilo ishirini. Ukishapiga hesabu hiyo, kubishana kama jiko liwe na kilo moja au mbili ni kupoteza muda. Tena kasha lake ni dogo, linapokea vipande vifupi vilivyochanjwa vyembamba, na moto unataka kulishwa kila baada ya nusu saa au saa moja. Nani ataamka? Saa kumi alfajiri, baridi inapouma hasa, jiko limeshazimika, na kwa kuwa bati la titani ni jembamba mno halihifadhi joto.

Na hizo kuni zinatoka wapi? Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ni nchi ya nyasi na maua, na kukata au kuokota kuni hifadhini si ruhusa. Kilimanjaro kuni zimepigwa marufuku. Wanaofuata maua ya Kitulo huenda kati ya Desemba na Aprili, yaani kwenye mvua, wakati kuni za njiani zimelowa. Zinabaki za kununua vijijini, na ukipata kuni za mti wa miwati zilizokaa juani umebahatika. Paina ina utomvu unaoziba bomba kwa masizi. Ukishapakia kuni kwenye gari ukapanda kona 57 za Chimala kuelekea Matamba, njia ya kwenda Kitulo, wewe si mtu wa kubeba mgongoni tena. Sasa wepesi wa titani uliulipia wa nini?

Kuna sababu moja inayoweza kumtetea aliyelipa: titani haishiki kutu, na nyumba za Dar zina hewa ya chumvi inayokula chuma hata kikiwa stoo. Stenlesi nayo inahimili. Ni nzito zaidi, kwani sentimita moja ya ujazo ni karibu gramu 8 dhidi ya 4.5 za titani, lakini kwa mwenye gari hilo si neno. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, wanaweza kukukunjia boksi na bomba kwa vipimo vyako. Sharti ni wasitumie bati la kuezekea. Lile limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa mafusho ya kuleta homa. Dai bamba jeusi, yaani chuma kisichopakwa zinki, au stenlesi.

Wanaotaja kifo hawatishi watoto. Nailoni na poliesta za mahema yetu mengi huyeyuka kati ya nyuzi 220 na 260, na ubavu wa jiko hupita hapo bila shida. Hema lisilo na tundu maalumu la bomba, lililozungushiwa kitambaa kisichoungua, halifai kabisa. Hatari kubwa zaidi haionekani wala hainuki: kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto. Wengi huogopa moto mkubwa, kumbe moto mkubwa unavuta moshi vizuri juu ya bomba. Wa kuogopwa ni makaa ya mwisho, bomba limepoa, mvuto umekufa, watu wameshalala na zipu imefungwa mpaka chini. Na yule anayesema basi tuingize jiko la mkaa, halina bomba kabisa. Hilo si la kujadili.

Kwa hiyo anayetembea na begi mgongoni asinunue. Fedha hiyo iende kwenye mfuko mzuri wa kulalia na godoro la povu, kwa sababu ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili, kisha chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara iwekwe miguuni. Mwenye gari, hema la turubai na kambi nje ya hifadhi, inayoruhusu moto, alichukue, la stenlesi, awashe jioni na alizime kabla ya kulala. Fundi akiuliza bomba liwe na urefu gani, lipite kilele cha hema, na juu liwe na wavu wa kunasa cheche.