Mrudieni mzee huyo

Asante mwandishi kwa habari ya mzee wa Iringa aliyezaliwa enzi za Mwingereza na hadi leo anashika jembe. Imenikumbusha bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa jirani na Kalenga. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 alikuwa binti mdogo, kambeba mdogo wake mgongoni. Hotuba ya gavana hakuikumbuka hata neno. Alikumbuka wazee wa kiume wakilia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kuliona tena.

Baadaye akaolewa Makambako. Uhuru, Azimio la Arusha, vyote vilimkuta shambani. Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ndiyo iliyomuumiza: waliacha mahindi yakiwa bado mabichi, wakaacha na kaburi la mtoto wake wa kwanza. Hapo sauti ilishuka kila aliposimulia. Reli ya TAZARA ilipopita akawauzia vibarua maharage, na hela hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yangu.

Mmemuuliza mzee kuhusu marais tu. Tafadhali rudini, mumrekodi kwa Kihehe chake, mumuulize alichozika, alichouza, alichokula. Bibi yangu ameshafariki na sina hata kanda moja ya sauti yake.