Mtoto wa mbwa mwenye matege si wa kutupwa

Mtoto wa mbwa anayekanyagia vifundo badala ya nyayo hajarogwa, na mara nyingi hakuzaliwa kilema. Hapa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, watu wananiletea wa namna hiyo kila mara, na karibu wote wana kauli moja: huyu mbegu mbaya, kama hutaki tutamtupa. Mbegu yake haina shida. Kilichompinda miguu ni bakuli lake.

Tuangalie analishwa nini. Ugali wa sembe na makoko ya sufuria, na siku ya bahati mapafu kutoka buchani. Tumbo linajaa, anaonekana ameshiba, kumbe mifupa ina njaa. Mahindi hayana kalsiamu ya maana, na nyama tupu isiyo na mfupa ina fosforasi inayoizidi kalsiamu zaidi ya mara 10. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa kuwa moyo na misuli vinaitegemea. Basi tezi ndogo zilizo shingoni huagiza ichotwe kwenye mifupa, tena wakati mtoto ndio kwanza anakua. Mfupa unabaki mwepesi, unapinda, mwingine unavunjika kwa kuruka kizingiti tu. Chotara wa German Shepherd, ambao wanapendwa sana kwa ulinzi, ndio wanaoumia zaidi, maana wanakua haraka.

Wanaofuga mijusi majumbani huko Ulaya na Marekani wanaujua sana ugonjwa huu. Mjusi anayelishwa wadudu wasiopakwa unga wa kalsiamu hulegea taya hadi kula kunamshinda, na uti wa mgongo hujikunja. Huyo husaidiwa na kalsiamu pamoja na jua au taa maalumu, kwa sababu ngozi yake hutengeneza vitamini D. Ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza ya kutosha. Kwa hiyo ule ushauri wa kumwanika juani asubuhi kama mtoto mchanga haumponyi. Vitamini hiyo lazima aile, kwenye viini vya mayai, samaki na ini kidogo.

Nikimpokea, kwanza namweka mahali padogo pakavu, nimetandika maganda ya mahindi na gunia juu, hasa Juni na Julai baridi ya huku inapouma. Watu husema akimbizwe ili miguu inyooke, au afungwe vijiti. Nawaomba waache kabisa. Mfupa usio na madini haunyooki kwa kulazimishwa, unavunjika. Na dawa za maumivu tunazomeza sisi watu, diklofenaki na jamaa zake, zinaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo.

Halafu chakula. Usipa wakavu kutoka Kyela, wale samaki wadogo kama dagaa, wasiotiwa chumvi, nawasaga pamoja na miiba yao. Mayai. Maziwa mgando, na kwa hilo tumshukuru Mungu kwa ng'ombe wa Rungwe. Ugali unabaki, ila kidogo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini ni dawa nzuri, lakini kijiko kimoja cha chai kina karibu gramu 2 za kalsiamu, na kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa ya mtoto wa mbegu kubwa. Kipimo akitoe daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito.

Wakiwahiwa, maumivu hupungua ndani ya wiki chache, na wengi husimama. Kuna ambao miguu hubaki na tege, na bado wanabweka usiku na kulinda nyumba kama wengine. Ninaowahofia ni majike ambao nyonga zao zimebana, kwa sababu kuzaa kunaweza kuwaua. Hao wafungwe kizazi.

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe na kumtunza. Mimi naiona inamhusu hata muuzaji. Anayeuza mtoto wa mbwa bila kumweleza mnunuzi atamlisha nini amemuuzia na ugonjwa juu yake. Na mnunuzi aulize kabla ya kutoa hela: usipa nitaumudu? Mayai je? Kama hesabu inakataa, achukue mbwa wetu wa kienyeji mwenye umbo dogo, naye asimnyime samaki, au asubiri mpaka uwezo upatikane.