Kukaa Karibu Hakutoshi

Jioni kwenye baraza za Langoni, Lamu, anayesifu ujirani wetu huvitaja vichochoro: nyumba zimeshikana ukuta, sahani ya futari haikosi mlango wa kubisha. Wengi wanaofuatilia mageuzi ya viumbe wana imani kama hiyo. Kiumbe asiyetawanyika mbali huzungukwa na jamaa zake, kwa hiyo kujitolea kutastawi tu. Mwanabiolojia William Hamilton mwenyewe alilidokeza hilo, na kanuni yake ya 1964 inajulikana: ili kujitolea kuenee, faida ya anayesaidiwa, ukiizidisha kwa kiwango cha udugu, iishinde hasara ya anayesaidia.

Lakini mwaka 1992 mwanahisabati Peter Taylor alipiga hesabu ya vikundi ambavyo idadi yake haibadiliki, watoto wengi wakibaki walikozaliwa. Udugu ulipanda kweli. Ushindani kati ya ndugu nao ulipanda, na viwili hivyo vikafutana. Havikukaribia kufutana, vilifutana kabisa, mtawanyiko uwe mdogo au mkubwa. Hapo ndipo huwa nakwama kila ninapoirudia hesabu hiyo, kwa sababu watu wanaisoma kama kasoro ndogo ya pembeni, na kumbe inagusa mzizi wa hoja.

Chukua mama anayekaanga mahamri alfajiri. Binamuye wa nyumba ya pili kaishiwa unga, naye anampimia vibaba viwili. Mahamri ya binamu yanatoka moto, yananukia iliki, yanauzwa kwa wateja walewale wa kichochoro kile. Kila hamri analouza, jingine linalala kwenye kapu la aliyempa unga, au la dada yao wa nyumba ya tatu. Udugu upo, soko halijapanuka. Binamu angevuka na mashua kwenda kuuza Mokowe, unga ule ungezaa kitu. (Binadamu ana dini na malezi pia, hapa natoa mfano wa hesabu tu.)

Maabara nayo imelionyesha. Mwaka 2004 Ashleigh Griffin, Stuart West na Angus Buckling walitumia bakteria wanaotoa kemikali ya kunasa madini ya chuma, ambayo huwafaa hata majirani wasioitoa. Wasaidizi, yaani wanaoitoa, walistawi zaidi pale udugu ulipokuwa mkubwa na ushindani ukavuka mipaka ya kikundi.

Upande wa pili, unaotetea ukaribu, una nguvu zake. Mwaka 2006 Hisashi Ohtsuki, Martin Nowak na wenzao walionyesha kuwa kwenye mtandao wa majirani msaidizi hushinda iwapo faida, ukiigawa kwa gharama, inazidi idadi ya majirani wa kila mmoja. Kanuni nzuri. Ila inasimama pale anapokufa mmoja kwanza, kisha majirani zake wakagombea pengo. Akizaa mmoja kwanza, mtoto akamng'oa jirani, msaidizi hashindi kamwe. Mtandao ni uleule, majirani walewale. Katika mpangilio wa kwanza unayegombea naye nafasi ni jirani wa jirani yako. Katika wa pili, ni yule uliyempimia unga.