Sikukimbia Mie, Nilipiga Ukelele Tu

Kwanza nikanushe: sikukimbia. Hiyo voisi noti ya shoga yangu inayozunguka kwenye magrupu, eti nilitimua mbio kwenye onyesho la baleti, imetiwa chumvi kilo nzima. Nilipiga ukelele, basi.

Tiketi kanunua yeye, Swan Lake, na mie najua baleti ni vile visichana vyembamba vya sketi nyeupe vinavyotembea kwa ncha za vidole, nikavaa na baibui langu la Idi kabisa. Kumbe hii ni ile aliyoitunga upya Muingereza Matthew Bourne mwaka 1995, muziki uleule wa Tchaikovsky ila mabata maji wote wanaume, vifua wazi, suruali za manyoya, mstari mweusi kwenye paji la uso. Na wanafoka kama paka! Sasa tazameni huo mwaka, nyie mliokulia Pemba mshanielewa. 1995 wenzetu London wanatunga baleti upya, sisi kule Pemba popobawa, lile jini la usiku linalovamia watu vitandani, katutoa vyumbani, watu wanalala nje makundi makundi na moto umewashwa. Mtoto aliyelelewa hivyo unamkalishaje gizani atazame kitanda?

Haya. Mwisho mwisho mwana wa mfalme kachanganyikiwa, kalazwa peke yake. Ukumbi kimya, hata wa kukohoa hakuna. Mie namuonea huruma, aiskrimu ya mapumziko bado naikwangua. Mara uvunguni nikaona mkono. Nikajiambia si mkono. Ukajikunja... polepole... kama unapapasa sakafu. Kikatoka kichwa. Kikageuka. Nyuma yake kingine. Jamani, wanaume wa manyoya wanamiminika kutoka uvunguni na mwenzao kalala!

"POPOBAWAAA!"

Sauti yangu mnaijua, ndiyo ileile ya vigelegele vya harusini. Ilipanda mpaka ghorofa ya juu ikarudi. Kikopo kikaruka, aiskrimu ikamtua bibi wa kizungu wa mbele kwenye mvi zake, na mie badala ya kumuomba radhi nishafika katikati ya Ayatul Kursi, kwa sauti. Shoga kajifunika mtandio, hanijui. (Na wewe unasoma hapa, nakuona.)

Basi tena, mhudumu kaja na tochi, radhi nikaomba, tishu nikatoa, bibi wa watu taa zilipowaka akafungua kijitabu cha programu akawa anamtafuta mchezaji anayeitwa Popobawa, tukapanda basi hatusemezani. Asubuhi mama mkwe kapiga simu kutoka Wete, hata salamu hakuna, anauliza huyo popobawa viza ya Uingereza kaipataje na mwanawe alinyimwa.